Mafuta Chini ya Ngozi

Mume wangu Kiema amezaliwa na ubishi. Ukimwambia mvua inanyesha, atatoka nje kuhakikisha, arudi amelowa, halafu akwambie hayo ni manyunyu tu. Nami si mtu wa kumezea. Majirani zetu hapa Kathonzweni huwa wanasema kwamba wakipita kwetu wakakuta kimya, watajua kuna jambo. Walikuja kupita wakakuta kimya, na jambo lilikuwepo. Nalisimulia kama nilivyoliona, na anayedhani ninamsema mume wangu vibaya akumbuke ni mimi ninayemfulia.

Kiema ni fundi wa trekta. Magari hataki. Anasema mwenye gari hukusimamia kichwani akitazama saa, lakini mwenye trekta ni mkulima, anajua kungoja. Uwanja wake uko nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, pale soko linapoishia, na kibanda changu cha chakula kimepakana nao, kwa hiyo siku nzima namwona na yeye ananisikia. Trekta humjia kutoka mbali, hata Kwa Vonza huko Kitui, na nyingi huja kwa ugonjwa mmoja: zinavuja mafuta.

Mafundi wengine wakiona tone chini ya trekta, hubadilisha sili, ile pete ya mpira ya kuzuia mafuta, iliyo karibu na tone lile. Likiendelea kudondoka, wanabadilisha nyingine, na mwenye trekta anaendelea kulia. Kiema hana mtindo huo. Yeye huanza kwa kuosha. Huchukua mafuta ya taa na brashi, akasugua tope na mafuta ya zamani mpaka chuma kionekane, akapangusa kwa kitambaa, kisha akaja kwangu kuomba unga. Tuligombana sana juu ya unga huo. Huunyunyiza chini ya trekta na ubavuni, akaiwasha injini, akainua plau juu ili mafuta yafanye kazi, halafu anachuchumaa na kutazama. Unga ukibadilika rangi mahali, hafurahi bado. Anafuata ule mstari kwenda juu mpaka afike unapoanzia, kwa sababu mafuta huteremka, na yanapodondoka sipo yanapotoka.

Halafu kuna mkono wake wa kulia. Alikuwa akichovya kidole kwenye mafuta, akayasugua na gumba, akayanusa, akakuambia yametoka wapi: haya ni ya injini, yameungua, haya ni ya giaboksi, ni mazito na yananuka yai viza, haya ni ya breki. Siku moja nilimfunga macho kwa leso yangu mbele ya wateja, nikamwekea matone kwenye kifuniko cha sufuria, na mojawapo likiwa la mafuta yangu ya kukaangia. Aliyataja yote. Ya kwangu aliyanusa, akasema hayo yamekaanga mandazi tangu Jumatatu, abadilishiwe mama huyu biashara. Wateja walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

Mkono huohuo ndio aliotumia kutafutia paipu zinazovuja. Paipu ya mpira ikitoboka tundu dogo, mafuta hayadondoki. Yanaruka kama mvuke, na katika jua la huku huwezi kuyaona. Kwa hiyo Kiema alikuwa akipitisha mkono polepole kando ya paipu, injini ikinguruma, mpaka asikie kaupepo. Fundi aliyemfundisha alifanya hivyo, na ninaamini aliyemfundisha huyo naye alifanya hivyo. Katika uwanja ule hakuna mtu aliyewahi kusema ni hatari. Nami nilikuwa nikiuangalia mkono ukienda kwenye paipu, nikageuka kukoroga maharagwe yangu.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Kila alasiri mawingu yalikuwa yakisimama juu ya milima ya Mbooni, yakawa meusi, kisha yakaondoka. Huku kwetu shamba hulimwa likiwa kavu, mbegu ikalala kwenye vumbi ikingoja, kwa sababu mvua yenyewe haikai sana ikishakuja, na aliyechelewa kulima amekosa msimu. Watu walikuwa wamekasirika bila sababu. Hata mbwa wa soko walikuwa wakinyamaza mchana. Sikuipenda wiki ile, na sisemi hivi kwa kuwa najua yaliyofuata. Nilimwambia mama mkwe wangu wiki ileile kwamba moyo wangu umekaa vibaya, akaniambia ni joto.

Asubuhi moja akaja Ngure na trekta yake nyekundu. Ngure ni Mkikuyu aliyehamia huku zamani, akanunua shamba upande wa barabara ya Mombasa, analima ndengu na machungwa. Ni mtu mpole, mwenye kuzungumza kama anaomba radhi. Trekta yake ilikuwa imepita kwenye boma la miiba, matawi ya mgunga yalikuwa yamenasa kwenye plau na nyuma ya kiti, na chini ilikuwa imelowa mafuta.

"Fundi, nimeambiwa ni giaboksi," Ngure akasema. "Wanasema ipasuliwe katikati, ndiyo wafikie hiyo sili ya ndani. Na hiyo kazi itakula hizi wiki zote. Mvua itanipata bado sijalima hata mstari."

"Nani amesema ni giaboksi?"

"Fundi wa huko barabarani. Kila asubuhi nikiangalia kijiti cha mafuta, ya giaboksi imeshuka."

"Mzee, kwa hii trekta, giaboksi na haidroliki wanakunywa kwa chungu moja," Kiema akamwambia. "Ikishuka, hujui ni nani ameiba. Wacha tuone kabla hatujapasua mtu."

Akaosha, akapangusa, akaja kuchukua unga. Nikampa vidonge vyake kuhusu bei ya unga, akachukua bakuli zima. Trekta ikawashwa, plau ikainuliwa, na sote tukainama kutazama, mimi nikiwa na mwiko mkononi. Chini ya giaboksi unga ukakaa mweupe. Tukangoja. Kisha mstari mweusi ukateremka kutoka juu, nyuma ya kiti, ukazunguka mgongo wa giaboksi na kwenda kudondoka mahali palepale ambapo mtu angeapa ni sili. Kiema akanitazama kwa macho ya ushindi. Haikuwa giaboksi. Ilikuwa paipu ya haidroliki, ile ya mpira inayopeleka mafuta kwenye silinda ya kuinulia plau.

"Paipu tu?" Ngure akauliza. Alikuwa kama mtu aliyeachiliwa na korti.

"Paipu tu. Wacha nikuonyeshe imetoboka wapi."

Akapanda, akapeleka mkono. Injini ilikuwa inanguruma kwa nguvu na plau lilikuwa bado liko juu. Nilimwona akipitisha vidole kando ya paipu, taratibu, uso ameuelekeza pembeni jinsi anavyofanya akisikiliza kwa ngozi. Ghafla akaurudisha mkono. Akautazama, akaubonyeza, kikatoka kitone cha damu kwenye kidole cha shahada, chini kidogo ya ukucha.

"Mwiba," akasema, akaling'oa tawi la mgunga lililokuwa limenasa pale na kulitupa chini.

Nani angemkatalia? Huku tunachomwa na miiba kila siku ya Mungu. Tunaichomoa tukiwa tunatembea, tukiendelea na mazungumzo. Akaizima trekta, akafungua paipu ile, akaifunga nyingine, na kabla ya chakula cha mchana Ngure alikuwa anaelekea shambani na plau lake limeinuka sawasawa. Kabla ya kuondoka alimshika Kiema mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia, akimshukuru. Ni mkono huohuo.

Mchana ule Kiema alijipiga kifua mbele ya kila aliyekuja kula. Alisimulia habari ya fundi wa barabarani aliyetaka kupasua trekta nzima kwa ajili ya paipu. Nami nilicheka, kwa sababu anajua kusimulia. Lakini niliona kwamba kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto.

"Mkono una nini?"

"Kidole kimekufa ganzi kidogo. Hakiumi."

"Kama hakiumi mbona unakitunza hivyo?"

"Mama Musyimi, mwiba ni mwiba," akasema. "Leo utanifundisha miiba?"

Nikamwacha. Najua wakati ambao hasemezeki. Tulipofunga kibanda jioni, kidole kilikuwa kimevimba, ngozi imekaza na kupauka, na nilipokigusa kilikuwa baridi. Katika joto lile, kila kitu kilikuwa cha moto, hata kuta, ila kidole kile. Hapo nikamburuta mpaka zahanati. Muuguzi alipouliza kumetokea nini, Kiema akamjibu kabla sijafungua mdomo: mwiba wa mgunga. Muuguzi akaosha, akampiga sindano ya pepopunda, akampa vidonge vya maumivu, akamwambia arudi kikizidi. Simlaumu. Aliambiwa mwiba, akatibu mwiba.

Asubuhi Kiema alitaka kwenda Kwa Vonza, kuna trekta aliyoahidi kuitazama. Nilimkuta akijaribu kuvaa viatu kwa mkono mmoja, jasho linamtiririka. Maumivu yalikuwa yamekuja, tena yalikuwa yanapiga kama ngoma, na kiganja chote kilikuwa kimevimba. Kabla hatujaanza kubishana, mama yake akamwita. Mwaitu Nzilani, sisi sote tunamwita mwaitu, yaani mama, ndiye mtoa miiba wa kijiji kizima. Watoto huletwa kwake wakilia na kuondoka wakiwa wamebeba mwiba wao kiganjani kama zawadi. Ana pini yake, anaipitisha kwenye moto, na hakosi.

"Kaa hapa," akamwambia mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, na Kiema akakaa.

Mwaitu akachimba pale penye kitone. Akachimba, akageuza pini, akachimba tena. Uso wake ukaanza kubadilika, kwa sababu hakuhisi kitu chochote mle ndani. Akaiweka pini chini. Akakishika kiganja na kukikamua kutoka katikati kuelekea kwenye kidole, kwa gumba zake mbili, kwa nguvu, na Kiema akauma kola ya shati lake.

Haukutoka mwiba, wala usaha. Yalitoka mafuta. Yalitoka kwenye kidole cha mume wangu, safi, ya rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, yakamtiririkia Mwaitu mkononi.

Kiema akaunyosha mkono wa kushoto, akayagusa kwa kidole, akayasugua na gumba, akayanusa. Nilimwona akiyafikiria kama anavyofikiria mafuta ya trekta yoyote.

"Ni ya Ngure," akasema.

"Imeingia aje?" mama yake akauliza. "Kiema, hii kitu imeingia aje ndani ya mwili?"

Kiema alianza kujibonyeza, kwanza kiganja, halafu kifundo cha mkono, kisha juu yake, mahali ngozi bado ilikuwa nzuri kwa macho. Alikuwa anatafuta yamefika wapi. Akasema, "Iko hapa," akapanda juu kidogo, akasema, "Na hapa." Kisha akaacha kubonyeza, akaniangalia, na mimi niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu Kiema alikuwa ameogopa na hakuwa anabishana na mtu.

Nilimpigia Ngure simu kwa kuwa ana pikapu. Aliacha kulima katikati ya mstari. Tulipofika njiani mvua ikaanza, ile yenyewe, matone makubwa yakipiga kioo na harufu ya vumbi ikipanda. Ilimkuta Ngure shamba lake limelimwa nusu. Sikumwona akigeuza shingo kuitazama. Kiema alikuwa ameegemea mlango, mkono ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichopewa akishikilie.

Katika hospitali kubwa tulipokewa na daktari mwanamke kijana, anaitwa Yvonne. Kiema akaanza habari ya mwiba. Daktari akamkatiza.

"Wewe hufanya kazi gani?"

"Natengeneza trekta."

Kalamu ikasimama. "Ulikuwa unatafuta leak kwa hose? Injini ikiwa on?"

Kiema akaitikia kwa kichwa. Daktari akautazama mkono kwa muda, akauinua kwenye mwanga. Kidole kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Akatuelezea polepole kwamba presha ya paipu ile inaweza kuyapitisha mafuta kwenye ngozi kama sindano, ngozi ikajifunga nyuma yake, na mtu asijue. Yakishaingia hayakai mahali pamoja. Hufuata mishipa kwenda juu, na kila yanapopita nyama inakufa. Mtu akija mapema, anafunguliwa na kuoshwa. Hakusema sisi tumekuja lini. Alisema wataufungua waone, na kama nyama imekufa mpaka kwenye kifundo, mkono utaondoka, la sivyo sumu itaingia kwenye damu na atakufa.

"Fungua, osha, funga," Kiema akasema. "Kukata hapana."

"Tutajaribu kwanza. Lakini nataka tuelewane."

"Daktari, trekta ikivuja hukati gurudumu."

"Trekta haiozi," daktari akamjibu, wala hakuwa na hasira.

Kiema akasema afadhali afe. Alisema atakula nini, atalisha nani, fundi bila mkono wa kulia ni mtu wa kukaa mlangoni. Alisema maneno mengi, na homa ilikuwa inampanda akiyasema, mpaka mengine hayakueleweka. Alikubali kufunguliwa tu. Walipomsukuma kwenda ndani alikuwa bado anambishia mhudumu aliyekisukuma kitanda.

Tulikaa kwenye benchi, mimi na Ngure. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hatusikizani. Mlango ukafunguka, daktari akatoka akiwa amevaa glavu, mikono ameiinua mbele. Akasema wamefungua mpaka juu ya kifundo. Nyama ya kiganja ni ya kijivu, haitoi damu. Moyo wa Kiema unakimbia vibaya. Amelala, hawezi kuulizwa, na alilolisema kabla ya kulala tunalijua sote.

"Kwa hivyo ninakuuliza wewe," akasema, "kama bibi yake, kama tutaendelea na—"

"Kateni," nikasema.

Ngure akanishika bega. "Mama Musyimi, ngoja kidogo. Kwenu mambo kama haya hungojewa watu wa ukoo. Ana ndugu zake. Wacha nipige simu."

Alikuwa anasema kweli. Kwetu mwili wa mwanamume hauamuliwi na mwanamke aliyeolewa tu. Kuna wakubwa wake, na wangekuja wote, wakakaa, wakauliza, wakaomba. Nilimwambia daktari tena, akate. Akarudi ndani na mlango ukafungwa.

Kiema alipozinduka alikitazama kile kitambaa cheupe na mahali kilipoishia, kisha akageukia ukutani. Alizungumza na wauguzi. Alizungumza na Ngure, aliyekuja kila alipoweza na machungwa kwenye mfuko, akilia kuliko mgonjwa. Alibishana na mzee wa kitanda cha jirani juu ya mbolea. Mimi hakunisemesha. Nilimletea uji, akaunywa, akaniwekea kikombe pembeni. Ndugu zake walipokuja, mkubwa wao aliniuliza mbele yake ni nani aliyenipa ruhusa, na Kiema hakufungua mdomo kunitetea. Niliumia. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua ile iliyongojwa na kila mtu, nikailaani.

Nyumbani ikawa vilevile. Mashamba yalikuwa yamekuwa kijani, hata ile nusu ya shamba la Ngure iliyolimwa. Trekta zilikuja, naye akakaa kwenye kiti mlangoni pa uwanja akiwaambia wenyewe waende kwa fundi mwingine. Vijana wa uwanja walipomuuliza kumetokea nini, aliwaambia. Aliwaambia kila mmoja, kwa sauti kavu: usiguse paipu yenye presha, pitisha kipande cha katoni, kikitoboka au kikilowa umepata tundu lako. Wenye trekta nao akawaambia. Mimi nilikuwa kibandani, ng'ambo ya ukuta wa mabati, nikisikia sauti yake ikizungumza na dunia nzima. Jeraha lake Mwaitu ndiye aliyeliosha. Nikiingia chumbani, Kiema aliuingiza mkono ule ndani ya koti, na sikuwahi kuuona.

Jumapili moja Mwaitu alitangulia kanisani. Nilimkuta Kiema amesimama katikati ya chumba, koti amelivaa, shati la ndani halijafungwa, anapambana na kifungo kwa mkono wa kushoto. Nilitaka kupita. Nilikuwa na hasira zangu, na nilishajiapiza kwamba siku atakayonisemesha atanikuta nami nimeota mizizi. Lakini nilisimama mbele yake, nikaanza kumfunga vifungo kutoka juu, na yeye akautazama mlango.

"Muthoki," akasema. Hakuwa ameniita hivyo tangu tuzae. "Daktari alipokuuliza. Ulijibu mara moja, ama ulifikiria kwanza?"

Ningeweza kumpa jibu zuri. Ningesema nililia, nilipiga magoti, niliwaza vidole vyake kimoja kimoja. Ndivyo angesema mwanamke mwenye akili.

"Mara moja," nikasema. "Hakuwa hata amemaliza kuuliza."

Nilifika kifungo cha mwisho.

"Mimi ningefikiria," akasema. "Wangeniuliza mimi, ama ndugu zangu, tungekaa kubishana mpaka nife."

Kisha akautoa mkono ule mfupi kwenye koti, akanipa nimkunjie mkono wa shati.